Kumtaja Bakteria kwa Vinasaba: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mwezi Mei 2011 watu wa kaskazini mwa Ujerumani walikuwa wakiharisha damu na figo zao zikishindwa kufanya kazi. Tarehe 26 mwezi huo maafisa wa afya wa Hamburg walitangaza kwamba bakteria wa E. coli mwenye sumu amekutwa kwenye matango yaliyotoka Hispania. Alikuwa amekutwa kweli. Kilichokuwa hakijakamilika ni kumlinganisha bakteria yule wa matango na yule wa wagonjwa. Ulinganisho ulipokamilika siku chache baadaye, ilionekana kwamba wagonjwa walikuwa na E. coli wa aina ya O104:H4, na yule wa matango hakuwa wa aina hiyo. Uchunguzi uliishia kwenye machipukizi ya uwatu. Wakati huo mboga zilikuwa zimeshakosa wanunuzi, na Umoja wa Ulaya ulilazimika kutenga zaidi ya euro milioni 200 kuwafidia wakulima. Zaidi ya watu 50 walikufa katika mlipuko huo.

Jina la bakteria linapotoka maabara huamua mgonjwa atumie dawa gani, ng'ombe yupi achinjwe, kisima kipi kifungwe na muuzaji yupi alaumiwe. Maabara nyingi za Afrika Mashariki sasa zina mashine za PCR, na baadhi zinasoma jenomu nzima. Vijana wanaingia humo wakiwa na ujuzi mpya na haraka nyingi. Haya nawaandikia wao, na wakubwa wao wanaotia sahihi ripoti. Sharti lililo juu ya yote ni hili: usitaje jina zito kuliko ushahidi uliolibeba.

Usianze kazi kabla ya kujua unaulizwa nini.

Kuna maswali mawili na watu huyachanganya kila siku. La kwanza ni la spishi: bakteria huyu ni nani? La pili ni la ukoo: huyu wa mgonjwa wa leo ndiye yule wa mgonjwa wa wiki iliyopita, au yule wa kisima kile? Daktari wa wodini kwa kawaida anataka spishi na dawa itakayomuua. Afisa anayefuatilia mlipuko anataka ukoo. Kipimo kinachojibu swali la kwanza vizuri mara nyingi hakijibu la pili hata kidogo, kwa sababu bakteria elfu wa spishi moja watatoa jibu lilelile. Muulize aliyeleta sampuli, andika jibu lake kwenye daftari la maabara, ndipo uchague mbinu.

Anza na koloni moja safi.

Paka sampuli kwenye sahani ya kuoteshea, subiri koloni zijitenge, chukua moja, upake tena kwenye sahani mpya. Usiruke hatua hii kwa kisingizio kwamba mgonjwa anasubiri. Vinasaba vya bakteria wawili vikichanganyika kwenye mrija mmoja, jeli haitakuambia kwamba ni wawili. Itakuonyesha mistari mingi yenye kuvutia, nawe utadhani umegundua kitu kipya. Nimeona tasnifu nzima zikijengwa juu ya picha ya jeli moja, bila neno lolote kuhusu jinsi koloni zilivyosafishwa. Kazi ya namna hiyo isipitishwe.

Usiitumie jeni ya 16S mahali ambapo haina uwezo.

Jeni hii ina herufi zipatazo 1,500, na kila bakteria anayo, maana ni sehemu ya mtambo wa kutengeneza protini ambao hakuna bakteria anayeweza kuishi bila kuwa nao. Zipo sehemu zake ambazo karibu hazibadiliki kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, na hapo ndipo praima hushika. Zipo sehemu tisa zinazobadilika, nazo ndizo hutofautisha. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox waliitumia molekuli inayotokana na jeni hii kuonyesha kwamba viumbe tunaowaita akea ni tawi la peke yake la uhai. Ni chombo kizuri sana. Ukiwa na bakteria asiyeota kirahisi, au asiyefanana na chochote ulichokizoea, anza nacho.

Lakini yapo majina ambayo 16S haina mamlaka ya kuyataja. Haimtenganishi E. coli na Shigella, anayeleta ugonjwa wa kuhara damu. Streptococcus pneumoniae, anayeua watoto kwa nimonia, na Streptococcus mitis, anayeishi vinywani mwa watu wazima wenye afya, hufanana kwa zaidi ya asilimia 99. Na kubwa kuliko hayo, Bacillus anthracis wa kimeta karibu hatofautiani kabisa na Bacillus cereus, aliyemo kwenye udongo wa mashamba na kwenye wali uliolala, wala na Bacillus thuringiensis, anayenyunyiziwa mimea kuua viwavi.

Kwa hiyo ukipata mfuatano wa kundi hili kutoka kwenye mzoga wa ng'ombe au nyumbu, usiandike kwamba ni kimeta, wala usiandike kwamba si kimeta. Andika "kundi la Bacillus cereus" na uendelee na kazi. Tafuta jeni zilizo kwenye plasmidi mbili za kimeta, pXO1 na pXO2, kisha tafuta alama iliyo kwenye kromosomu yenyewe. Usipunguze hata moja kati ya hizo tatu. Plasmidi huhama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine: katika msitu wa Taï nchini Côte d'Ivoire wapo bakteria wa kundi la cereus waliobeba plasmidi za kimeta, nao wanaua sokwe kama kimeta kiuavyo. Aliyepima plasmidi pekee atamwita anthracis. Aliyepima kromosomu pekee ataandika kwamba hakuna hatari, na huyu wa pili ndiye atakayeua watu. Na jibu likiwa bado halijatoka, mwambie daktari wa mifugo waziwazi kwamba mzoga usipasuliwe na nyama isiguswe. Tahadhari haihitaji kusubiri jina.

Kwenye kifua kikuu, usiishie pale mashine inapoishia.

Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka 2010, imeokoa maisha mengi. Inakuambia kwamba kuna bakteria wa kundi la kifua kikuu na kama ana usugu kwa rifampisini. Haikuambii ni yupi katika kundi hilo, na 16S nayo haiwezi, kwa sababu wanakundi wote wanayo sawasawa. Sasa Mycobacterium bovis, wa kifua kikuu cha ng'ombe, kwa asili yake haguswi na pirazinamaidi, mojawapo ya dawa nne anazoanzishiwa mgonjwa. Kwenye jamii za wafugaji, ambako maziwa hunywewa bila kuchemshwa, tofauti hii ni uhai wa mtu. Bakteria anapotoka kwenye tezi za shingo za mtoto wa mfugaji, usiridhike na jina la kundi. Ipo mbinu inayotazama vipande 43 vya eneo moja la jenomu, vipi vipo na vipi havipo. Inaitwa spoligotaipingi, na ilichapishwa mwaka 1997. Bovis hukosa vipande vya 39 hadi 43. Ni mbinu rahisi, haihitaji mashine ya gharama kubwa, na mpaka leo sioni sababu ya maabara inayohudumia wafugaji kukosa kuifahamu.

Usigeuze kufanana kuwa ushahidi wa kuambukizana.

Kosa hili hufanywa na watu wenye elimu ya kutosha kulijua. Mbinu hiyohiyo ya vipande 43 imetupa jina la CAS1-Kili, ukoo wa kifua kikuu uliopewa jina kutokana na Kilimanjaro na ambao umeenea Tanzania na kwa majirani zake. Ukiwakuta wagonjwa wawili wa Moshi au Arusha wana CAS1-Kili, umejua tu kwamba wamepata ukoo ulioenea mahali walipo. Hujajua kwamba mmoja alimwambukiza mwenzake. Ukiandika hivyo kwenye ripoti, na mmoja wao akiwa muuguzi na mwingine mgonjwa wake, umemshtaki mtu bila ushahidi.

Mbinu ya zamani ya IS6110 ina mtego wa aina yake. Kimeng'enya kiitwacho PvuII hukata vinasaba, kisha huhesabiwa mistari inayobeba kipande cha IS6110. Bakteria mwenye nakala nyingi hutoa picha ya kutosha kumtofautisha. Mwenye nakala chini ya sita hutoa mistari michache mno, na watu wasio na uhusiano wowote wataonekana wana bakteria mmoja. Hapo ongeza mbinu ya pili bila kuomba ruhusa ya mtu. Bora zaidi, ukiweza, soma jenomu nzima yenye herufi zipatazo milioni 4.4. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013 ulipendekeza vipimo ambavyo wengi wanavifuata: tofauti za herufi 5 au pungufu zinaonyesha uambukizaji wa karibuni, na zaidi ya 12 zinauondoa. Kumbuka kwamba hata jenomu haikuambii nani alimwambukiza nani. Hilo utalipata kwa kuuliza watu waliishi wapi, walilala chumba kipi na lini.

Weka mrija wa maji matupu katika kila mzunguko wa PCR.

Katika mrija huo weka kila kitu isipokuwa vinasaba. Mrija huo ukitoa mstari kwenye jeli, kazi yote ya siku hiyo imekufa. Usiuite mstari hafifu. Usiukate kwenye picha. Usiseme kwamba sampuli zenyewe zina mistari yenye nguvu zaidi. Tupa kemikali, safisha meza, badilisha pipeti, rudia.

Tenga chumba cha kuchanganyia kemikali, chumba cha kutolea vinasaba, na chumba cha kufungulia mirija iliyokwisha kupita PCR. Kama huna vyumba vitatu, tenga meza, makoti na pipeti, na kazi iende upande mmoja tu: anayetoka mwisho asirudi mwanzo siku hiyo na koti lilelile. PCR hugeuza nakala chache kuwa mabilioni, na tone lisiloonekana kutoka kwenye mrija wa jana linatosha kuharibu majibu ya leo.

Usidhani pia kwamba kemikali mpya ni safi kwa kuwa kifuniko hakijafunguliwa. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba vifaa vya kibiashara vya kutolea vinasaba huwa na vinasaba vya bakteria ndani yake, wengi wao wakiwa wa udongo na maji, kama Ralstonia na Bradyrhizobium. Sampuli yenye bakteria wachache, kama ya damu au maji ya uti wa mgongo, ndiyo hudanganywa zaidi. Ukiona bakteria wa udongo kwenye uti wa mgongo wa mtoto, shuku kifaa kwanza.

Na uchafuzi hauko kwenye PCR tu. Kwenye kuotesha kifua kikuu, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba kwa kawaida takriban majibu 3 kati ya kila 100 ya "ndiyo" yalikuwa ya uongo, na kwamba wengi wa watu hao walitibiwa. Alama za vinasaba ndizo ziliufichua uchafuzi huo: sampuli zilizoshughulikiwa siku moja zilitoa bakteria wa ukoo mmoja, ilhali wagonjwa hawakuwa na uhusiano wowote. Kwa hiyo sampuli mbili zikifanana kabisa, swali la kwanza lisiwe wagonjwa walikutana wapi. Liwe sampuli zilikutana wapi maabarani. Mtu asiye na kifua kikuu hamezi dawa miezi sita bila madhara. Ini lake linaumia, kazi yake inasimama, na majirani wanamkimbia.

Usilinganishe jeli zisizolinganika.

ERIC-PCR na RAPD ni mbinu nafuu, na ndiyo maana zinapendwa na wanafunzi. Badilisha mashine, badilisha kampuni ya kimeng'enya, shusha joto nyuzi mbili, na mistari inabadilika. Zitumie kulinganisha bakteria waliopimwa pamoja, siku moja, kwenye jeli moja, na usivuke hapo. Usilete jeli yako ya Nairobi ukailinganisha kwa macho na picha iliyochapishwa Ulaya.

Waliotaka kulinganisha majibu ya maabara nyingi walilazimika kukubaliana kila kitu. Mbinu ya PFGE, iliyobuniwa na Schwartz na Cantor mwaka 1984, hukata jenomu kwa kimeng'enya kinachokata mara chache, kisha hutenganisha vipande vikubwa kwa umeme unaobadilisha mwelekeo. Marekani ilipoanzisha mtandao wa PulseNet mwaka 1996, maabara zote zilitumia utaratibu mmoja, na baadaye zikakubaliana bakteria mmoja wa kupimia ukubwa wa vipande, Salmonella Braenderup H9812, kwenye kila jeli. Leo PulseNet imehamia kwenye kusoma jenomu nzima, lakini nidhamu ile naitaka kwa kila anayefanya kazi hii.

Usilichukue jina la kwanza linalotokea kwenye kompyuta.

Hazina ya GenBank iko wazi kwa wote kuweka na kutoa, na yamo majina yaliyowekwa vibaya. Kabla ya kutafuta, tazama mchoro wa mfuatano kwa macho yako na ukate ncha zisizosomeka. Ukishatafuta, linganisha na bakteria wa rejea, yule ambaye jina la spishi limefungwa kwake rasmi. Kwa 16S nzima, kufanana chini ya asilimia 98.7 kunaashiria kwamba huenda si spishi hiyo. Kufanana juu ya hapo hakuthibitishi kwamba ndiye. Kwenye jenomu nzima, wastani wa kufanana wa asilimia 95 hadi 96 ndio mpaka unaotumika sasa, ukichukua nafasi ya kile kipimo cha asilimia 70 cha kuunganisha vinasaba kilichopendekezwa mwaka 1987.

Ushahidi ukiishia kwenye jenasi, ishia kwenye jenasi. Andika "Klebsiella, spishi haijathibitishwa". Hakuna aibu ndani yake, na daktari mwenye busara atakuheshimu.

Linda mwili wako na wa wenzako.

Ethidiamu bromaidi hushikamana na vinasaba vyako kama inavyoshikamana na vya bakteria: glavu, meza yake, pipa lake. Usitazame mwanga wa UV bila kinga. Sampuli inayoshukiwa kuwa na kimeta, brusela au kifua kikuu isifunguliwe nje ya kabati la usalama, na usiseme kwamba unatoa vinasaba tu. Bakteria ni hai mpaka umemuua na umehakikisha amekufa.

Hifadhi bakteria mwenyewe.

Nakala mbili, kwenye friza mbili, zenye chanzo tofauti cha umeme, kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, ndani ya gliseroli. Andika mahali, tarehe na aina ya sampuli kwa wino usiofutika. Umeme ukikatika usiku na jenereta isiwake, miaka kumi ya kazi huyeyuka kabla ya asubuhi.

Wanaoona uhifadhi kuwa gharama ya bure watazame kipindupindu. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliosoma jenomu za Vibrio cholerae zaidi ya 1,000 kutoka nchi 45 za Afrika, zilizokusanywa katika kipindi cha karibu miaka 50. Ulionyesha kwamba tangu mwaka 1970 ukoo wa janga la saba la kipindupindu duniani uliingizwa barani angalau mara 11, ukienea katika kanda mbili kubwa: Afrika Magharibi, na Afrika Mashariki pamoja na Kusini. Maana yake milipuko yetu mikubwa ilikuja na watu kutoka nje; haikuchipuka yenyewe kwenye maziwa na mito yetu, kama wengi walivyokuwa wakiamini. Hilo limebadilisha mahali pa kuweka nguvu za kinga. Tusingelijua kama mafundi wa maabara wa miaka ya 1970 na 1980 wangetupa mirija yao baada ya kuandika jibu.

Na usiwatume bakteria hao nje ya nchi bila kibali na mkataba wa maandishi unaotaja nani atamiliki data na majina ya nani yatakuwa kwenye andiko. Itifaki ya Nagoya imekuwa ikitumika tangu mwaka 2014. Isome.

Andika ripoti ambayo mtu mwingine anaweza kuipinga.

Usiandike "ni bakteria yuleyule". Andika "hawatofautiani kwa kipimo hiki", kisha taja kipimo. Miongozo ya mwaka 1995 ya kusoma jeli za PFGE ilitumia lugha hiyo ya tahadhari: mistari 2 au 3 ya tofauti, ana uhusiano wa karibu, 4 hadi 6, huenda ana uhusiano, 7 au zaidi, ni mwingine. Hata hivyo miongozo hiyo ilikuwa kwa milipuko midogo ya muda mfupi, na usiivute kuifunika miaka kumi.

Usimpe mwandishi wa habari jina la shamba, hoteli au muuzaji kabla bakteria wa mgonjwa na bakteria wa chakula hawajalinganishwa kwa kipimo kimoja, kwenye maabara moja. Mkuu wa wilaya akipiga simu, mwambie kipimo kinaendelea. Na wewe mkuu wa maabara, usimshinikize fundi wako akupe jina jioni kwa sababu kuna kikao asubuhi. Ripoti isiyotaja koloni ilivyosafishwa, mbinu iliyotumika, jibu la mrija wa maji, bakteria wa rejea aliyelinganishwa naye, na mahali bakteria mwenyewe alipohifadhiwa, isitiwe sahihi.